Ngeli Kabla ya Istilahi: Uhakiki wa Mchango wa Wanakiswahili katika Programu Huria, Ukitazamwa kutoka Bujumbura

Ikisiri

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la istilahi. Makala haya yanadai kwamba msisitizo huo umewaweka wanakiswahili mwishoni mwa kazi ya programu huria, yaani mahali ambapo waandishi wa msimbo wamekwisha kuamua umbo la kila sentensi. Kwa kutumia mifano ya upatanisho wa ngeli, idadi na uandishi wa tarakimu, makala yanaonyesha kwamba kasoro nyingi za Kiswahili cha skrini haziwezi kurekebishwa na mfasiri, bali na mchangiaji anayejadiliana na watunzaji wa msimbo wenyewe. Bujumbura imeteuliwa kwa sababu msemaji wa Kiswahili wa mji huo amezoea skrini ya Kifaransa, anakijua Kirundi ambacho nacho ni lugha ya ngeli, na katika hifadhidata zinazotumiwa na kompyuta Kiswahili chake hakijawekewa tawi.

Utangulizi

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuusambaza. Msingi wa fikra hiyo uliwekwa na mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndiyo iliyodhihirisha kwamba maelfu ya watu wasiojuana wanaweza kujenga kitu kimoja. Taratibu za uchangiaji zinafanana karibu kila mahali. Mchangiaji huchukua nakala ya hazina ya msimbo, hufanya badiliko katika tawi lake, huandika sababu ya badiliko hilo, kisha huwasilisha ombi la kuliunganisha na shina. Watunzaji wa mradi hulisoma, huhoji, hudai marekebisho, na hatimaye hulipokea au hulikataa.

Kwa wengi, hayo ni mambo ya mafundi. Mwanaisimu anayeyatazama kwa makini ataona kwamba ni mfumo wa hoja. Badiliko lisiloelezwa sababu yake kwa kawaida halipokewi, na lililokataliwa laweza kurudishwa likiwa na ushahidi bora zaidi. Hapa cheo cha mtoa hoja hakina uzito unaolingana na uzito kilio nao katika kamati ya usanifishaji. Ingetarajiwa kwamba wanazuoni wa Kiswahili, ambao kazi yao ni kujenga hoja kuhusu lugha, wangekuwa nyumbani katika mazingira hayo. Hali haiko hivyo. Mara nyingi neno huria katika makongamano yetu limeeleweka kuwa na maana ya bure tu, na uchangiaji umeeleweka kuwa ni kutafsiri menyu.

Kazi ya Dar es Salaam na kielelezo ilichokiacha

Mradi unaotajwa mara kwa mara katika uwanja huu ni Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi za OpenOffice.org. Thamani ya kazi hiyo haipaswi kupunguzwa. Ilithibitisha kwamba karani anaweza kuandika barua na kupanga hesabu bila kukutana na Kiingereza katika menyu, na ilifanya hivyo pasipo kusubiri idhini ya kampuni yoyote, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa.

Kinachohitaji kuhakikiwa ni kielelezo kilichobaki baada yake. Chuo kinapata ufadhili, wataalamu wanaandaa faharasa ya istilahi, kauli za skrini zinatafsiriwa, toleo linazinduliwa, mradi unafungwa. Mpangilio huo unafaa kamusi ya kuchapishwa. Haufai programu, kwa kuwa programu haitulii. Mwaka 2010 baadhi ya waliokuwa wakiitunza OpenOffice.org walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka uliofuata OpenOffice.org yenyewe ikakabidhiwa kwa taasisi ya Apache. Kila toleo jipya huongeza kauli ambazo hazikuwamo na kubadili nyingine. Tafsiri iliyozinduliwa leo kwa hotuba na picha za pamoja huanza kupungua asilimia yake mara toleo linalofuata linapotoka, na hakuna hotuba itakayoijaza pengo hilo isipokuwa mtu anayerudi kila wiki kusoma kilichobadilika.

Kielelezo hicho pia kiliimarisha imani kwamba tatizo kuu ni majina ya vitu. Tangu hapo makala juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, au juu ya nywila na nenosiri, zimekuwa nyingi. Mjadala huo ni halali, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kuuendeleza. Lakini uzito wake kwa mtumiaji ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mfanyabiashara wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa wengi, akikutana na nywila leo atakuwa amekwisha kuizoea kesho, kama alivyokwisha kuzoea neno la Kifaransa lenye maana hiyohiyo. Asichoweza kuzoea ni skrini inayomwambia kwamba mtumiaji imefutwa.

Neno moja la Kiingereza mbele ya ngeli za Kiswahili

Sentensi hiyo mbovu haitokani na uzembe wa mfasiri. Katika msimbo, mwandishi wa Kiingereza huandika kauli moja yenye pengo, na kompyuta hulijaza pengo hilo kwa jina la kitu chochote kilichofutwa. Kitenzi cha Kiingereza hakijali ni kitu gani. Kiswahili kinajali: faili imefutwa, kiungo kimefutwa, jedwali limefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa. Mfasiri amepewa mstari mmoja wa kujaza, naye anahitaji mitano. Hata akiwa gwiji wa sarufi, hana mahali pa kuuandika ujuzi wake.

Kivumishi -pya kinaonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Waandishi wa programu hupenda kuhifadhi neno mara moja na kulitumia mahali pengi, na kwa Kiingereza hiyo ni busara. Katika tafsiri, neno hilo hutokea kama mstari mmoja, na mfasiri huandika mpya. Ujumbe mpya na anwani mpya hupita salama. Kisha neno hilohilo hujitokeza mbele ya tukio, kiungo na jedwali, ambayo yalihitaji jipya, kipya na jipya. Mhakiki asiyejua namna programu ilivyojengwa humlaumu mfasiri kwa kutojua ngeli. Lawama hiyo imekosea njia.

Wafasiri wamebuni namna za kukwepa. Ya kwanza ni kuifanya i- kuwa kiambishi cha vitu vyote, nayo ndiyo mbaya zaidi. Ya pili ni kugeuza tendo kuwa nomino, ili skrini iseme kwamba ufutaji umekamilika. Kisarufi kauli hiyo ni safi, lakini inamwondoa aliyefuta na kilichofutwa, na programu nzima huanza kunena kama taarifa ya serikali. Ya tatu ni kuweka nukta mbili, yaani kuandika Kilichofutwa kisha jina la kitu baada ya alama hiyo. Hii ndiyo yenye heshima kuliko nyingine, kwa kuwa ki- hapo huweza kusimamia kitu chochote kisichotajwa ngeli yake. Hata hivyo hukwama mara tu kilichofutwa kinapokuwa mtu.

Inafaa kulinganisha hali hiyo na ile ya idadi. Mfumo wa gettext wa mradi wa GNU, unaotumiwa na programu huria nyingi sana kuhifadhi tafsiri, huiruhusu kila lugha kueleza ina maumbo mangapi ya idadi na kila umbo litumike lini. Kiarabu kinaweza kupewa maumbo sita. Kifaransa huihesabu sifuri pamoja na umoja, ilhali Kiswahili huiweka katika wingi. Mwongozo wa gettext hueleza haja ya utaratibu huo kwa mfano wa Kipolandi, ukionyesha namna neno lenye maana ya faili linavyobadilika kutoka moja hadi mbili hadi tano. Somo liko wazi kwa anayetaka kulisoma: hitaji la kisarufi la lugha isiyo Kiingereza lilielezwa kwa mfano ambao mhandisi yeyote angeweza kuuelewa, na mfumo wenyewe ukalipatia nafasi.

Ngeli hazina nafasi ya namna hiyo katika gettext. Kilichopo ni uwezo wa mwandishi wa msimbo kuambatisha muktadha kwenye kauli, ili neno moja la Kiingereza lihesabiwe kuwa mistari miwili tofauti ya kutafsiriwa. Uwezo huo unatosha kumaliza tatizo la -pya, lakini mfasiri hawezi kuutumia peke yake. Lazima muktadha uwekwe katika msimbo. Mfumo wa Fluent wa Mozilla, uliofikia toleo lake la kwanza kamili mwaka 2019, umesogea mbele zaidi. Ndani yake mfasiri anaweza kulipa neno sifa ya kisarufi, na sentensi nyingine zikachagua umbo kulingana na sifa hiyo. Kwa Kiswahili, sifa hiyo ingeweza kuwa ngeli. Mipaka yake ni kwamba inafanya kazi kwa maneno yaliyomo katika tafsiri yenyewe. Jina linaloletwa na programu wakati inapotumika halina ngeli mpaka msimbo uiseme.

Huenda ikasemwa kwamba Kiswahili cha mitaa ya Bujumbura, kama kile cha upande wa pili wa ziwa, hulegeza upatanisho, na kwamba msemaji wake hatajali. Pingamizi hilo linachanganya mambo mawili. Msemaji anayelegeza upatanisho anafuata mazoea ya jamii yake, na mazoea hayo yana kanuni zake. Skrini inayosema mtumiaji imefutwa haifuati mazoea ya mtaa wowote. Isitoshe, Kiswahili hufundishwa katika shule za Burundi, na mwanafunzi anayesahihishwa darasani asubuhi hapaswi kufundishwa kosa hilohilo na kompyuta jioni.

Njia ya kuingia

Kutokana na hayo, mchango wenye uzito ni ripoti inayoomba msimbo ubadilishwe, na ripoti hiyo ina ufundi wake. Watunzaji wengi hawajui Kiswahili hata kidogo. Ripoti inayolalamika kwamba tafsiri ni mbaya hufungwa au husahauliwa, kwa kuwa haiwaambii wafanye nini. Ile inayotaja kauli husika na mahali ilipo katika msimbo, ikaweka kiungo kimefutwa na mtumiaji amefutwa mstari kwa mstari, kisha ikapendekeza kauli igawanywe mara mbili, huwapa kitu cha kupima. Mhandisi anaona kwa macho kwamba herufi za mwanzo zinabadilika, hata kama hajawahi kusikia neno ngeli.

Lugha ya ripoti hizo ni Kiingereza, na hapo msomi wa Bujumbura aliyesomea kwa Kifaransa huwa na mzigo ambao mwenzake wa Nairobi hana. Mzigo huo ni wa kweli, lakini mifano miwili iliyopangwa vizuri hubeba sehemu kubwa yake, na Kiingereza cha sentensi nne fupi kinatosha.

Gharama ya intaneti nayo si kisingizio. Hazina ya msimbo wa Linux na historia yake yote ina ukubwa unaomaliza kifurushi cha mwezi, lakini hakuna anayelazimika kuinakili yote. Inawezekana kuchukua tabaka la mwisho tu la historia. Faili la tafsiri la gettext, kwa upande wake, ni maandishi matupu. Linaweza kupakuliwa mara moja, likafanyiwa kazi siku kadhaa kwa programu kama Poedit bila mtandao, kisha likarudishwa. Asiyeandika msimbo kabisa ana Common Voice, mradi wa Mozilla unaokusanya sauti za watu wakisoma sentensi na kuzitoa bila masharti ya hakimiliki. Humo kila sauti husikilizwa na kuthibitishwa na wasemaji wengine, na kusikiliza ni mchango kama kusoma.

Kikwazo kigumu zaidi kimejengwa na wanataaluma wenyewe. Orodha za istilahi zinazochapishwa katika majarida na vitabu vya makongamano, bila shaka pamoja na vya aina hii, kwa kawaida hubaki chini ya hakimiliki ya mchapishaji. Mradi wa programu huria hauwezi kuzichukua na kuziingiza katika hazina yake, hata waandishi wake wakitamani hivyo, kwa sababu kila kinachoingia lazima kiwe na leseni inayoafikiana na ya mradi. Matokeo yake ni ya kusikitisha: kazi ya miaka ya mtaalamu wa istilahi husomwa na wataalamu wa istilahi, na kijana anayejaza tafsiri usiku hubuni neno lake kwa haraka, au hubandika lililotolewa na mashine ya kutafsiri. Waandaaji wa makongamano wangeweza kulimaliza jambo hili kwa sentensi moja ya leseni katika ukurasa wa hakimiliki.

Mkato, nukta na tawi lisilokuwapo

Mbali na kauli za skrini, kompyuta huhitaji kujua namna jamii inavyoandika tarehe, fedha na tarakimu. Taarifa hizo hukusanywa katika hifadhidata ya CLDR inayosimamiwa na muungano wa Unicode, nayo hutumiwa na simu za Android na za Apple, na pia vivinjari vikubwa. Hupokea data kutoka kwa wasemaji na taasisi, hupima mapendekezo kwa kura, na iko wazi kwa ripoti za yeyote. Kiswahili kimo, kikiwa na matawi ya Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, imewekewa Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, lugha tatu zilizotajwa kuwa rasmi katika sheria yake ya mwaka 2014. Kiswahili cha Burundi hakina tawi.

Upungufu huo una athari katika duka la kawaida. Kiswahili cha Tanzania huandika 1,500 kwa maana ya elfu moja na mia tano, mkato ukitenga maelfu na nukta ikitenga desimali. Kirundi na Kifaransa cha Burundi hufanya kinyume: mkato ndio wa desimali. Mtu wa Bujumbura anayechagua Kiswahili katika simu yake analetewa mkato wa Dar es Salaam, na jicho lililosomeshwa kwa Kifaransa linaweza kuisoma 1,500 kuwa moja na nusu. Tawi la Kongo limekwisha kutatua jambo hili kwa kutumia mkato wa desimali, kwa hiyo hoja ya kuanzisha tawi la Burundi ina kigezo tayari.

Historia ya tawi hilo la Kongo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Kwa miaka kadhaa CLDR ilikihesabu Kiswahili cha Kongo kuwa lugha peke yake yenye alama yake, na miezi ikaitwa mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, na kuendelea. Baadaye kiliunganishwa na Kiswahili kikiwa tawi. Anayetetea usanifu atafurahia uamuzi wa pili, na anayetetea lahaja atausikitikia. Kwa uhakiki huu, lenye uzito ni kwamba maamuzi yote mawili yalitegemea waliokuwapo wakati swali lilipoulizwa. Maumbo ya mitaani yaliingia kwa sababu kuna mtu aliyeyatoa, si kwa azimio la baraza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingeweza kuwa na mtu wa kudumu wa kujibu maswali ya namna hiyo. Idara za Kiswahili za vyuo vya Bujumbura zingeweza kuwa na wawili. Tawi la Burundi likiombwa, jambo la dharura ni tarakimu na faranga. Majina ya miezi yaachwe kama yalivyo katika Kiswahili cha jumla mpaka wasemaji wa Buyenzi na Rumonge waulizwe, kwa kuwa hakuna aliyepotea njia kwa kusoma Januari.

Kuna sababu nyingine ya kuwataka Warundi wawe mbele katika kazi hii. Kirundi husema igitabo gishasha lakini ijambo rishasha, na kauli moja ya Kiingereza inayombana mfasiri wa Kiswahili humbana wa Kirundi kwa namna ileile. Mchangiaji wa Bujumbura anayewashawishi watunzaji wa programu moja wagawanye kauli moja yenye pengo amefungua nafasi kwa lugha zake zote mbili kwa ripoti moja, na pia kwa Kinyarwanda na Luganda. Faharasa ya istilahi za Kiswahili, hata iwe bora namna gani, haiwezi kukifanyia hivyo Kirundi. Ripoti yenye mifano ya lugha mbili za ngeli ina nguvu zaidi mbele ya mhandisi kuliko yenye mmoja, kwa kuwa inamwonyesha kwamba hili ni hitaji la familia nzima ya lugha. Msemaji wa Bujumbura anaweza kuitoa mifano hiyo yote miwili kutoka kinywani mwake.